Apiario, Agostino na kanuni ambazo hazikuwa za Nisea

Ndugu Mhariri,

Katika mjadala wa mamlaka ya Askofu wa Roma katika karne za kwanza, sentensi moja imekuwa ikirudi kwenye safu yako barua baada ya barua: "Roma imesema, kesi imekwisha." Inatajwa kuwa ya Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini. Agostino hakuisema hivyo, na maneno aliyoyasema hasa yana faida zaidi kwa yeyote anayetaka kujua ukweli.

Ni katika hotuba yake ya 131, aliyoitoa tarehe 23 Septemba 417, dhidi ya mafundisho ya Pelagio, mtawa aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuishi bila dhambi kwa nguvu za hiari yake. Alisema kwamba juu ya jambo hilo maamuzi ya mitaguso (mikutano ya maaskofu) miwili yamekwisha kupelekwa kwa Kiti cha Kitume, yaani Roma, na majibu yamerudi. Kesi imekwisha, laiti upotofu nao ungekwisha. Mitaguso hiyo ni ya Karthago na Milevi, ya mwaka 416. Maaskofu wa Afrika (yaani jimbo la Kirumi, Tunisia na sehemu ya Algeria ya leo) walihukumu kwanza, wakapeleka uamuzi Roma, na Papa Inosenti I akauunga mkono Januari 417. Anayefupisha sentensi anaifuta mitaguso miwili. Anayeidharau naye anafuta jambo jingine: Waafrika hawakuona imetosha kubaki na hukumu yao wenyewe, waliipeleka Roma.

Tena kesi haikuisha. Inosenti alifariki mwaka huohuo, na mrithi wake Zosimo akamsikiliza Pelagio na mwenzake Selestio, kisha akawaandikia Waafrika kuwalaumu kwa haraka yao. Hawakurudi nyuma. Tarehe 1 Mei 418 walikutana Karthago wakaulaani upotofu ule upya, na mwaka huo Zosimo naye akaulaani. Mtaguso huohuo wa Mei uliamua kwamba padri atakayekata rufaa ng'ambo ya bahari asipokewe katika ushirika na Kanisa lolote la Afrika.

Hapo ndipo inapoingia kesi ya Apiario, ambayo nashangaa hakuna aliyeigusa. Apiario alikuwa padri wa Sicca, mji unaoitwa leo El Kef. Askofu wake, Urbano, alimtenga kwa makosa yake. Apiario akavuka bahari na kumlilia Zosimo. Zosimo alimpokea, akatuma wajumbe Karthago: Askofu Faustino na mapadre wawili, Filipo na Aselo. Walibeba maagizo yaliyotegemea kanuni walizoziita za Nisea, yaani za mtaguso mkuu wa mwaka 325, kuhusu askofu kukata rufaa Roma na kuhusu padri kusikilizwa na maaskofu jirani.

Tarehe 25 Mei 419 maaskofu 217 walikaa Karthago chini ya Aurelio, askofu wa mji huo, Agostino akiwa miongoni mwao. Karani alipokuwa akisoma maagizo hayo, Alipio, askofu wa Tagaste, rafiki wa Agostino wa tangu ujanani, aliikatiza kazi: sisi tumezitazama nakala za Kigiriki za Nisea, na maneno haya hatukuyaona humo. Hakumwita mtu mwongo. Aliomba watu watumwe Konstantinopoli, Aleksandria na Antiokia, wakalete nakala za kuaminika. Wakati wakisubiri, mtaguso ulikubali kuzishika kanuni zile. Novemba mwaka huohuo nakala kutoka kwa maaskofu Atiko wa Konstantinopoli na Sirili wa Aleksandria zilikuwa zimefika na kupelekwa Roma. Zilikuwa na kanuni 20 za Nisea. Zile za rufaa hazikuwamo.

Zilitoka wapi? Zilitoka Sardika, Sofia ya leo nchini Bulgaria, kwenye mtaguso wa mwaka 343. Katika vitabu vya Roma kanuni za Sardika zilinakiliwa mara baada ya za Nisea bila kichwa cha kuzitenganisha, namba zikiendelea tu. Aliyesoma kitabu hicho Roma aliona Nisea tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo madai kwamba Zosimo alighushi hayana msingi. Lakini haki ya rufaa iliyotolewa na maaskofu wa Sardika haina uzito sawa na ya Nisea, na Waafrika walilijua hilo vizuri.

Apiario alikosa tena, akakimbilia tena Roma, na Papa Selestini I akamrudisha pamoja na Faustino. Baada ya siku tatu za mahojiano alikiri mwenyewe. Ndipo Waafrika wakamwandikia Selestini barua nzito: Nisea iliagiza mashauri yamalizwe yalipoanzia, si jambo la kuaminika kwamba Mungu atamvuvia haki mtu mmoja na kuwanyima maaskofu wengi waliokutana, na tafadhali usitutumie tena makasisi wa kusimamia hukumu.

Anayepinga mamlaka ya Papa asishangilie mapema. Katika miaka hiyohiyo Antonino, askofu wa Fussala aliyependekezwa na Agostino mwenyewe, alikata rufaa Roma, na Agostino akamwandikia Selestini kwa unyenyekevu mkubwa akieleza upande wake. Hakumwambia kwamba hana haki ya kusikiliza. Rufaa ya padri na ya askofu zilikuwa mambo mawili, na wengi wa waandishi wako wanayachanganya.

Ushahidi wa kabla ya hapo unahitaji uangalifu uleule. Barua inayoitwa ya Klementi, askofu wa Roma, ya karibu mwaka 96, ina sauti ya mamlaka kwa Wakorintho, hasa sura ya 59. Lakini haitaji jina la mwandishi, anayesema ni "Kanisa la Mungu lililo ugenini Roma". Sentensi maarufu ya Ireneo, askofu wa Lyon, ya karibu mwaka 180, kuhusu uhusiano wa kila Kanisa na Kanisa la Roma, imetufikia kwa tafsiri ya Kilatini tu, na neno convenire humo linaweza kuwa "kukubaliana na" au "kukusanyika kwa". Haifai kujenga nyumba nzima juu ya kitenzi hicho kimoja.

Sipriani, askofu wa Karthago, ndiye anayeumizwa zaidi na wanaomnukuu. Sura ya 4 ya kitabu chake juu ya umoja wa Kanisa, cha mwaka 251, ipo katika matoleo mawili. Moja linasema Petro amepewa ukuu na linataja kiti kimoja; jingine halina maneno hayo. Zamani kila upande uliuita mwingine mghushi. Leo wataalamu wengi wanakubali kwamba yote mawili ni ya Sipriani, na kwamba alilirekebisha la kwanza alipogombana na Papa Stefano juu ya kama ubatizo uliotolewa na wazushi ni halali; ni katika ugomvi uleule ambapo tarehe 1 Septemba 256 aliwaambia maaskofu wenzake kwamba hakuna kati yao anayejifanya askofu wa maaskofu. Naomba, Mhariri, barua ijayo itakayomnukuu Sipriani usiichape mpaka mwandishi aseme ananukuu toleo lipi.

Msomaji wako wa siku nyingi