Soksi Moja Nimeishona, ya Pili Nakuachia

Njombe,
14 Aprili 2025

Mpendwa rafiki yangu Tumaini,

Kamwene! Natumaini miguu imepungua kuvimba na huyo wa tumboni bado anakurusha usingizini kwa mateke, kama ulivyonisimulia. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza kulegea, ila ukungu bado unalala juu ya mashamba ya chai mpaka saa nne asubuhi. Mwanangu Baraka anakusalimu sana. Meno mawili ya mbele yameng'oka na anamwonyesha pengo kila anayeingia hapa nyumbani.

Uliponiambia utajifungulia hapo Dar mwishoni mwa Mei, halafu mama yako akulete huku kwetu Njombe, Mjimwema, ukae miezi mitatu, nilifurahi mpaka nikamwita mume wangu kutoka shambani nimwambie. Halafu usiku nikaanza kuhesabu. Mtoto atakuwa na wiki tatu au nne akiingia Njombe, na hiyo ni Juni. Juni ya kwetu unaijua mwenyewe, nyasi zinaamka nyeupe na maji ya ndoo yanauma vidole. Asubuhi yake nikafungua sanduku la nguo kuukuu.

Zile soksi za mikono ulizoniambia umeziona Kariakoo, usinunue, shoga yangu. Nyingi ya hizo za bei ndogo ni nailoni tupu, jasho halipiti, na lastiki yake inambana mtoto kifundoni. Soksi kuukuu ya pamba ni nzuri kuliko hizo. Imefuliwa miaka na miaka, imelainika kabisa, rangi iliyokuwa ya kuchuja imekwisha kuchuja. Na unaishona mwenyewe saa moja tu, umekaa kitako, miguu juu ya stuli kama ulivyoagizwa kliniki.

Unajua nimekuta nini humo sandukuni? Zile soksi zetu nyeupe zenye mistari miwili ya buluu. Pea moja nzuri tuliyokuwa nayo sisi wawili kidato cha pili, Jumatatu wewe, Jumanne mimi, na usiku tunazifua kwa kipande cha sabuni na kuzianika kwenye chuma cha kitanda ili zikauke kabla ya kengele ya paredi. Sijui zilibakije kwangu. Kisigino cha moja kimetoboka na vidole vimepauka, lakini shingo yake bado inavuta na kurudi. Nikasema basi, hizi ndizo za mwanao.

Sasa nisikilize, maana kazi yenyewe ni ndogo ila ina mahali pa kuwa makini.

Watu wengi hukata ile ncha ya vidole, kwa sababu imeshazibwa na ina umbo la mviringo. Mimi sikuungi mkono uifanye hivyo, na sababu nitakueleza mbele. Chukua shingo, ile sehemu inayopanda juu ya kifundo cha mguu. Mdomo wake wa juu wenye mbano ndio utakaokaa kwenye mkono wa mtoto, kwa hiyo huhitaji kuweka lastiki. Ilaze soksi mezani, uigeuze ndani nje, uinyooshe bila kuivuta. Kutoka mdomoni pima sentimita 10 kushuka chini, na upana uwe kama sentimita 7. Chora kwa chaki au kwa kipande cha sabuni kilichokauka, na huko mwisho uchore upinde kama mgongo wa kijiko. Ukiona ni ndogo mno, jizuie kuongeza. Mkono wa mtoto mchanga ni mdogo kuliko tunavyoukumbuka.

Halafu usishike mkasi. Shona kwanza. Nguo ya kufuma ukiikata kabla ya kushona inajikunja na kufumuka, unabaki unakimbizana na nyuzi. Shona juu ya ule mstari wa chaki, sindano ipite mbele kisha irudi nyuma nusu ya hatua, mishono midogomidogo, zungusha mpaka upinde uishe. Usiuvute uzi kwa nguvu, soksi itakunjamana na haitanyumbuka tena. Rudia mzunguko wa pili juu ya ule wa kwanza. Ndipo ukate, ukiacha nusu sentimita nje ya mshono, na ukingo huo uupige sindano ya kuzungushia ili usifumuke. Kama fundi wa hapo mtaani ana ovaloki, ile mashine ya kuzungushia kingo, mpelekee akumalizie, ni kazi ya dakika mbili.

Mwisho wake usiigeuze. Iache hivyo hivyo, mshono ukae nje na upande laini uwe ndani. Mama alipoona yangu alisema mbona umemvalisha mtoto nguo ndani nje, lakini nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ndiyo hii.

Hili sijawahi kukusimulia. Baraka alipokuwa na wiki tano nilimshonea soksi za mikono kutoka kwenye ncha za soksi za baba yake. Nilikuwa nimezikata tu na kupinda mdomo, sikuzikagua ndani. Usiku mmoja akaamka analia, si kile kilio cha njaa. Nikampa ziwa, akalitema. Nikabadilisha nepi, nikamtembeza, mama akasema ni chango, akapasha mikono na kumkanda tumbo. Saa nzima. Nikaja kumvua nguo zote nione kama kuna mdudu. Nilipovuta soksi ya mkono wa kushoto haikutoka vizuri, ilishikilia kitu. Uzi mmoja, Tumaini, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye ule mshono wa vidolevidole na kujizungusha kwenye kidole chake cha pete mara tatu au nne. Ncha ya kidole ilikuwa imevimba kama punje ya hindi lililolowekwa, rangi ya zambarau.

Mama alinimulikia kwa simu. Nilikata uzi ule kwa mkasi mdogo wa kucha, mikono inanitetemeka, na nikaona kidole kinarudi rangi taratibu. Asubuhi nikampeleka kituo cha afya hata hivyo. Nesi alikitazama kwa kioo cha kukuzia, akapanua kile kikunjo cha ngozi kwa upole kuhakikisha hakuna uzi uliobaki umezama, maana alisema kidole kikivimba uzi huzama usiuone ukadhani umeutoa wote. Haukuwepo. Baada ya siku mbili kidole kilikuwa salama. Lakini mimi mpaka leo mtoto wa mtu yeyote akilia bila sababu ninayoijua, namvua soksi kwanza, za mikono na za miguu, na kuangalia vidole kimoja kimoja.

Kwa hiyo kila unapomvalisha, ingiza kidole chako mle ndani na kuzunguka pande zote. Ukigusa uzi uliolegea, kata ukaribie kitambaa. Kila baada ya kufua, hivyo hivyo. Usifunge utepe, usishonee kifungo wala ua la uzi, hata likipendeza vipi, kwa sababu siku si nyingi atazipeleka mdomoni. Na mdomo wa soksi, ukimvua ukakuta umemwachia alama nyekundu kuzunguka mkono, hiyo imebana, ilegeze au uitupe.

Kuna jambo la kufua pia, hasa ukiwa bado Dar. Usianike chini kwenye majani, na zikikauka pasi ipite pande zote mbili, iingie mpaka kwenye mshono. Kuna wale nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, halafu funza anaingia kwenye ngozi ya mtoto. Joto la pasi linayaua. Wewe mwenyewe umekua ukiona bibi anapiga pasi nepi, basi hiyo ndiyo sababu.

Sasa, usije ukamvisha mchana na usiku. Hapa najua tutabishana na mama yako, maana wazee wa kwetu wakigusa tu kiganja cha mtoto kikiwa baridi wanataka afungwe kama gunia la viazi. Mikono ya mtoto mchanga huwa baridi na wakati mwingine ina kabuluu hivi, hata kama mwili wake una joto la kutosha, kwa kuwa damu bado inajifunza kufika huko mwisho. Ukitaka kujua kama anasikia baridi, gusa kifua au nyuma ya shingo. Pakiwa na joto, yuko sawa. Pakiwa na jasho, umemzidishia.

Baraka alizaliwa na kilo 2.1, unakumbuka ulivyokuja kutuona na ile shali ya kijani. Wodini tuliwekwa kwenye ile njia ya kangaruu. Nesi alituambia njia ile ilianzia Bogotá huko Kolombia mwaka 1978, mashine za kuwatia watoto joto zilipokuwa hazitoshi. Mtoto anakaa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, ana nepi, kofia na soksi za miguu, basi. Mikono haina kitu. Nilishangaa, nikauliza mbona mikono wazi. Nesi akaniambia nimwangalie tu. Tukamwangalia. Alikuwa anaipapasa ngozi yangu kwa vidole vile, analamba mkono wake, anaupeleka tena kifuani, mpaka akajikuta kwenye ziwa bila mtu kumsukuma. Harufu ya mikononi mwake mwenyewe inamsaidia kutafuta. Tena mtoto anapoanza kula ngumi ujue njaa inakuja, unamnyonyesha kabla hajafika kulia. Ukiwa umemfunika mikono hilo hulioni.

Ndiyo maana mimi nilikuwa namvua kila anaponyonya na kila akiwa kifuani. Namvisha tukitoka nje asubuhi, au amelala na kucha sijazikata. Zile kucha, mwenzangu! Ni laini kama ngozi ya kitunguu lakini zinakwaruza. Asubuhi ya siku ya nne Baraka aliamka ana mstari wa damu kutoka jicho mpaka shavuni, nikalia kuliko yeye. Kata akiwa amelala fofofo baada ya kuoga, zikiwa zimelainika, kwa kile kikata kucha kidogo, na ubonyeze nyama ya kidole chini uiondoe njiani. Usizing'ate kwa meno, najua wengi wanafanya hivyo, lakini mdomo wetu una vijidudu na kile kidonda kidogo hakionekani. Kucha zikishughulikiwa, soksi za mikono zinabaki kuwa za baridi tu, na akifika miezi mitatu ataanza kushika vitu, utaziweka kando.

Na kwa kuwa tumegusa baridi, nakuomba sana, wakitaka kukuwekea jiko la mkaa chumbani usiku, kataa. Najua litaletwa kwa upendo. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na madirisha ya huku mwezi wa sita yanafungwa kila upenyo. Lala naye kifuani mkiwa macho, akisinzia mlaze, umfunike blanketi jepesi mpaka kwapani, mikono iwe nje na soksi zake. Mume wangu ameahidi kukurekebishia ule mlango wa chumba cha nyuma unaopitisha upepo, kesho kutwa anakwenda kuuona.

Kifurushi nimempa konda wa basi la kesho alfajiri, litafika Mbezi jioni, nitakutumia namba ya gari kwenye simu. Mwambie shemeji akipokee, usihangaike wewe na hilo tumbo kwenye foleni. Ndani utakuta parachichi sita, zimekomaa ila bado ngumu, zifunike kwenye gazeti. Chini yake kuna bahasha. Soksi ya mkono wa kulia nimeimaliza, mistari yetu ya buluu imeangukia pale pale kwenye kifundo cha mkono, utaiona. Ya kushoto sijaigusa zaidi ya kuichora. Nilikuwa na muda wa kuishona, lakini nikakumbuka tulivyokuwa tunagawana, nikaona nikuachie siku yako.

Uzi mweupe na sindano nimevichomeka kwenye kipande cha kanga, fungua polepole usijichome. Chaki ikiwa imefutika njiani, laza ile niliyoshona juu yake uchore upya. Ukimaliza nipigie, hata kama ni usiku.

Rafiki yako,
Atupele