Boti ya rimoti: kasi isije kabla ya utulivu

Mhariri,

Kila anayetaka katamarani ya umeme huniuliza inakimbia kasi gani. Mimi humwambia afungue kwanza kifuniko aangalie betri zinakaa wapi. Boti hii ina bodi mbili zilizoachana, ndiyo maana haiyumbi kwenye kona, na hewa inayopita katikati huinyanyua ikateleza juu ya maji. Lakini upepo wa mbele ukizidi, hewa hiyohiyo huinua pua na kuibinua chali. Chagua yenye nafasi ndefu ya betri, ili siku ya upepo uzisogeze mbele kidogo.

Mota isiwe ya brashi, yaani vipande vya kaboni vinavyosuguana ndani yake kupitisha umeme. Kidhibiti kasi, kifaa kinachopima umeme unaoenda kwenye mota, kipozwe kwa maji; ukiona maji hayatoki kwenye kitundu cha ubavuni, irudishe nchi kavu hapo hapo. Betri ya lithiamu yenye seli 4, yaani volti 14.8, inatosha kabisa kwa burudani. Seli 6 zinataka mkono uliozoea.

Kwenye mawimbi makubwa, chukua ya bodi moja. Na katamarani nyingi zikipinduka hazijigeuzi zenyewe, kwa hiyo hakikisha bodi zote mbili zina sponji ya kuelea.

Mpenzi wa boti za rimoti