Watoto wa Pemba waione Kidike na Ngezi kabla ya kupandishwa boti

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nina jambo la safari za wanafunzi wetu wa Pemba: naomba kabla ya kuvushwa Unguja waoneshwe kwanza popo wa kijiji cha Kidike na msitu wa Ngezi, vilivyo hapa hapa kisiwani.

Mjukuu wangu, aliye darasa la sita, alirudi kutoka Unguja Jumapili usiku. Skuli yao ilikuwa imewapeleka kwenye safari ya masomo. Alichoka mpaka akalala na viatu. Asubuhi, tunakunywa chai, nikamuuliza, "Haya baba, umeona nini huko?" Akaanza na boti: nani alitapika, nani alilia, maji yalivyokuwa yakipiga vioo. Akaja Forodhani, na taa zake, na vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani. Nikamwacha amalize. Mwisho ikabidi niulize mwenyewe: "Na msitu wa Jozani je, si ndiko mlikokwenda kusoma?" Akasema, "Tulimwona kima, Bibi. Tukapiga picha. Halafu tukaambiwa tupande gari, tutachelewa boti."

Nimefundisha sayansi katika skuli za msingi za Kaskazini Pemba kwa miaka 31, kwa hiyo naujua mzigo wa kuwatoa watoto sitini majumbani kwao na kuwarudisha salama. Walimu wale nawaombea dua. Lakini jibu la mtoto limenikaa kifuani. Kima punju ana mengi ya kufundisha. Mkononi hana kidole gumba cha kushikia, ana kijinundu tu. Tumbo lake limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, tunda bivu lenye sukari halimfai. Tena hutafuta makaa ya watu akayatafuna, kwa kuwa makaa husaidia kunyonya sumu iliyomo katika majani ya mikungu na miembe anayokula. Mtoto wa darasa la sita akikaa kimya chini ya mti mmoja kwa nusu saa, ule mkono usio na gumba atauona mwenyewe, na ataona jani gani linaliwa na lipi linatupwa. Kwa dakika kumi, simu mkononi na dereva anapiga honi, ataona nini?

Mchango wa safari ulikuwa shilingi elfu sitini. Jirani yangu ana mtoto darasa hilo hilo. Baba yake mchumaji wa karafuu, na karafuu zilikuwa bado. Siku ya safari yule mtoto alivaa sare yake, akaja kukaa barazani kwangu tangu asubuhi, hasemi neno. Nikampa chungwa na kisu. Akalimenya taratibu, ganda moja refu lisilokatika, na alipomaliza akalizungusha ganda lile likarudi kuwa duara kama chungwa zima, akaliweka kwenye kizingiti. Chungwa lenyewe hakulila.

Jumamosi iliyofuata niliwachukua wote wawili. Tukapanda gari hadi Wete, tukaunganisha nyingine ya njia ya Chake Chake, tukashuka tukatembea kwa miguu kuingia Kidike.

Kwa wasiopajua, Kidike ni kijiji ambacho popo wa Pemba hulala mchana, wametundikwa juu ya miti kwa mamia, na wanakijiji ndio wanaowalinda. Utawasikia kabla hujawaona, kelele za kugombania nafasi kama diko wakati samaki wanaposhushwa. Nilikuwa na darubini yangu ya zamani, kioo kimoja kimepasuka, tukapokezana. Mmoja alikuwa amejifunika mbawa kama mtu aliyejitanda kanga asubuhi ya baridi, kichwa chekundu-kahawia kimetokeza chini. Akafungua bawa moja. Akatoa ukucha akajikuna shingo, kisha akaanza kulilamba bawa lile, kidogo kidogo, kutoka mfupani mpaka ncha, kama paka.

Mjukuu wangu akashusha darubini. "Bibi, huyu ana gumba."

Nikamwambia ndiyo, na ule ukucha ndio gumba lake. Akatazama mkono wake mwenyewe. Basi hapo nikachukua kijiti, nikawachorea mkono mchangani: gumba limebaki fupi kwa kupandia na kujikunia, vidole vinne vilivyobaki vimerefushwa mno, na ngozi imetandwa baina yake. Bawa la popo ni mkono. Nimeifundisha habari hiyo ubaoni kwa chaki miaka yote ile, na sikumbuki mtoto aliyewahi kuangalia kiganja chake namna ile.

Tulipokuwa tunarudi, yule mtoto wa jirani akainama chini ya mshelisheli ulio karibu na nyumba za watu. Akaokota kidonge kikavu cha nyuzinyuzi, kimebanwa kikawa bapa. Akakinusa. "Bi Mwalimu, hili si shelisheli?" Lilikuwa shelisheli. Popo wa matunda hutafuna akafyonza maji, kisha makapi huyatema, na mbegu ndogo ndogo humeza akaenda kuziangusha mbali. Mtoto akauliza, "Kwa hiyo mti unaota alikoruka?" Mhariri, swali hilo halimo katika kitabu cha darasa la sita, na aliyeliuliza ni yule aliyekosa elfu sitini.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Popo huyu hayupo popote duniani isipokuwa Pemba. Mbawa zake zikitandazwa hufika kiasi cha mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amewindwa kwa ajili ya nyama, na miti yake kukatwa, mpaka ikahofiwa kwamba wamebaki mia kadhaa tu. Watu wa misitu pamoja na wanavijiji wakaanza kuwalinda, vikaundwa vikundi vya wenyeji, na kufikia miaka ya 2000 hesabu ikawa imepindukia 20,000. Katika umri wa mama wa mtoto huyu, kisiwa chetu kimemrudisha mnyama kutoka ukingoni. Nawauliza wazazi wenzangu: mtoto gani wa Pemba anaijua habari hiyo? Wengi wanamjua popo kama mharibifu wa maembe tu.

Na huyu mmoja hayuko peke yake. Tuna ndege wanne wasiopatikana pengine duniani: ninga wa Pemba, bundi wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule mdogo wa kimanjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Tuna mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni hapa. Hata huyo kima punju tuliyemvukia bahari yuko Ngezi, maana katika miaka ya 1970 waliletwa wachache kutoka Unguja wakaachiwa msituni. Kuwaona ni kazi, wanajificha, lakini wapo.

Kutoka Konde kwenda Ngezi si mbali. Hata hivyo watoto wengi wa Konde wanaijua Ngezi kama kivuli cha njiani tu, gari linapopita kwenda Vumawimbi sikukuu ya Idi. Hawajashuka. Ukishuka ukaingia hatua ishirini tu, joto la barabarani linakuacha, ardhi ni laini chini ya viatu, na mivule imekwenda juu mpaka shingo inauma kuitazama. Penye majimaji kuna miale. Jani la mwale likianguka, wapange watoto walipime kwa hatua: hapo utawafundisha kipimo na mmea kwa pamoja, na hawatasahau. Mimi niliwahi kuwapeleka wanafunzi kumi na wanane, mmoja akalala chini sambamba na jani, wa pili akaendelea pale alipoishia mwenzake, wa tatu vile vile, na jani lilikuwa bado linaendelea.

Wapo wazazi wanaosita, wanasema Ngezi ina wenyewe, yaani mizimu. Siwabishii. Naamini heshima ile ni miongoni mwa mambo yaliyouacha msitu umesimama wakati misitu mingine ya kisiwa ilipofyekwa kwa mikarafuu na mashamba. Ninachowaambia ni kwamba watoto wataingia mchana, kwa adabu, pamoja na muongozaji wa msitu, na hawatavunja hata kijiti. Kuhusu bundi ndiyo kazi kubwa. Tumelelewa kwamba akilia juu ya paa kuna msiba. Sasa huyu wa kwetu ni mdogo, na hukaa misituni na kwenye mikarafuu akila wadudu. Mtoto akishamsikia akiwa na mwalimu wake, hatamtupia jiwe.

Ombi langu la kwanza ni kwa walimu wakuu. Safari ya Unguja isifutwe, ina furaha yake, na mtoto wa Pemba ana haki ya kuuona mji. Lakini isiitwe somo la viumbe, na isiwe ya kwanza. Zile fedha za watoto sitini kwa elfu sitini ni shilingi milioni tatu na laki sita. Kwa fedha hizo skuli inakodi gari za Kidike na za Ngezi kwa madarasa yote, siyo moja, na hapatakuwa na mtoto wa kubaki barazani na ganda la chungwa.

Pili, wasiende wengi. Watoto ishirini kwa siku wanatosha, na mwalimu awe amekwenda mwenyewe wiki moja kabla, apite njia ile, achague miti mitatu ya kusimama. Kila mtoto apewe swali lake moja kwenye daftari. Vitafunio vibaki kwenye gari, kwani mandazi yakifunguliwa macho yote yanarudi mkobani. Masika kusiendwe kabisa, Ngezi inateleza.

Tena Kidike pasipigwe makofi. Nimemwona kwa macho yangu mwalimu wa skuli moja akiwaamuru watoto wapige kelele ili popo waruke, wapate picha nzuri. Waliruka kweli, mbingu ikawa nyeusi, na mle ndani walikuwamo majike wenye watoto kifuani. Mnyama wa usiku ukimrusha saa sita mchana, juani, anachoka bure na anaweza kumwangusha mwanawe. Watoto walishangilia kwa sababu mtu mzima aliwaambia washangilie. Sikusema kitu siku ile, nilimwonea haya mwalimu mwenzangu mbele ya wanafunzi wake, na mpaka leo najuta.

Ombi jingine ni kwa wenye kusimamia msitu. Wenzetu wa Unguja wana Chumbe. Tangu 1994 miamba ya matumbawe ya kisiwa kile ni hifadhi, hapavuliwi, na fedha wanazolipa wageni wanaolala kisiwani husaidia kuwavusha wanafunzi wa skuli za Zanzibar wakavae vioo na kuyatazama matumbawe ndani ya maji. Mtoto wa mvuvi anayaona kwa mara ya kwanza mawe ambayo baba yake huyatia nanga usiku. Kwa nini Ngezi isiwe na utaratibu wa namna hiyo? Mgeni anayeingia msituni analipa kiingilio. Sehemu yake, hata ikiwa ndogo, itengwe kwa mafuta ya gari la watoto wa Micheweni na Wete. Vijana waongozaji wapo, njia zipo, na watoto wako mlangoni.

Wizara nayo ninaiomba kitu kimoja tu, siku ya masomo. Mwalimu anayetaka kutoka na darasa lake leo hulazimika kuifanya Jumamosi kama wizi, kwa sababu siku za kazi kuna mikondo miwili na vyumba havitoshi. Lakini darasa likiwa msituni, chumba kimoja kiko wazi. Hilo walimu wakuu wanaweza kulipanga wenyewe wakiruhusiwa.

Yule mtoto wa jirani amekwisha kuja mara mbili kuniuliza kama bundi wa Pemba anaonekana. Nimemwambia kumwona ni bahati, kumsikia tutamsikia: "hu" moja, fupi, halafu kimya, halafu nyingine kutoka mti wa pili. Tumepatana na baba yake twende wiki ijayo, tuwe Ngezi kabla ya magharibi, sisi watatu na muongozaji mmoja. Gari lina nafasi. Kama kuna mwalimu wa skuli yoyote ya huku Kaskazini anayetaka kuipita njia ile kwanza kabla hajaleta darasa lake, aje aulize nyumba ya Bi Mwalimu, Konde, karibu na soko. Avae viatu vya kufunika vidole na aje na tochi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Konde, Kaskazini Pemba