Barua ya malalamiko kuhusu dawa ya ndago iliyopigwa katika uwanja wetu wa nyasi, Nyali

Kamati ya Wakazi,
Nyali, Mombasa.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: DAWA ISIYO YA NDAGO KUPIGWA MAHALI PA DAWA YA NDAGO

Nakuandikia kwa niaba ya kamati ya wakazi wa mtaa wetu kulalamikia kazi ambayo kampuni yenu ilitufanyia mwezi wa Mei, kazi tuliyoilipia yote kabla haijaanza. Makubaliano yetu ya maandishi yanasema kwamba mtapiga dawa teule itakayoua ndago na kuziacha nyasi salama. Hadi leo ndago zinachipua kama kawaida, nyasi za Pemba zimepauka kwa mistari kufuata njia aliyopita mpiga dawa, na mpapai wa jirani yetu upande wa ukuta umejikunja majani.

Naanza na mmea wenyewe, kwa kuwa naamini kosa lilianzia hapo. Ndago si nyasi, wala si gugu la majani mapana. Ukilichuma bua lake na kulizungusha baina ya vidole utahisi pembe tatu, jambo ambalo hulipati katika ukoka wala katika nyasi za Pemba, na majani yake hutoka matatu matatu, membamba na yenye nta. Kazi kubwa iko chini ya udongo, ambako vinundu vyake hufuatana kwenye mizizi kama punje za tasbihi. Anayeng'oa huukata mnyororo huo, na vinundu vilivyokuwa vimelala huamka, kila kimoja kikatoa mche wake. Ndiyo sababu tuliacha kung'oa, tukaja kwenu kutafuta dawa inayoingia kwa jani na kushuka mpaka kwenye vinundu.

Vijana wenu walikuja na dawa iliyokwisha kuchanganywa ndani ya mitungi isiyo na lebo. Mzee anayetutunzia bustani aliwauliza ni dawa gani, akajibiwa kwamba ni "ya magugu yote". Jibu hilo peke yake lilitosha kututia wasiwasi, kwa sababu dawa inayoua magugu yote haiwezi kuwa teule. Walipoondoka, askari wetu alikuta nyuma ya tangi la maji chupa tupu waliyoisahau, nayo ina lebo kamili: ni 2,4-D, na maelezo yake yanataja magugu ya majani mapana katika mahindi, ngano na miwa. Ndago haikutajwa popote. Picha za lebo hiyo nimeziambatanisha, na chupa yenyewe tumeihifadhi.

Kilichotokea baadaye kinalingana na chupa hiyo. Magugu machache ya majani mapana yaliyokuwa kando ya njia yalijipinda na kufa haraka, ilhali ndago zilibabuka ncha tu kisha zikaendelea kukua. Mpapai nao ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi kwa 2,4-D, hata kwa matone yanayopeperushwa na upepo. Na vijana wenu walipiga dawa alasiri, upepo wa kusi ukivuma waziwazi kuelekea kwa jirani. Huyo jirani hakuwa na mkataba wowote nanyi.

Hata kama dawa ingekuwa sahihi, namna ilivyopigwa isingeipa nafasi. Asubuhi ya siku hiyo msimamizi wenu aliagiza nyasi zikatwe hadi chini kabisa "ili dawa ifike kwenye mizizi". Dawa teule ya ndago, kwa mfano ile yenye halosulfuroni, hutegemea jani: ndago huachwa iwe na majani kati ya matatu na manane, nyasi hazikatwi siku mbili kabla wala siku mbili baada ya kupiga, na huongezwa kishikizi cha kuifanya dawa itulie juu ya ile nta badala ya kuteleza. Kiasi chake ni kidogo mno, gramu zisizofika 40 kwa ekari, na matokeo huchukua wiki mbili hadi nne kuonekana. Mara nyingi huhitajika kurudia baada ya wiki sita hadi kumi, kwa vile vinundu havichipui vyote kwa pamoja.

Tulipopiga simu ofisini kwenu tuliambiwa kwamba tumemwagilia maji kupita kiasi, na kwamba mtarudia kazi tukilipa tena. Maelezo hayo hatuyakubali. Kuzidi kwa maji huzisaidia ndago kustawi, hilo twalijua, lakini hakuwezi kuigeuza chupa ya 2,4-D kuwa dawa ya ndago.

Kwa hiyo tunadai kurudishiwa fedha zote tulizolipa, na kupewa kwa maandishi jina la kila dawa mliyoileta siku hiyo, kiambato chake, kipimo kilichotumika na namba yake ya usajili katika PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa hizi. Tunadai vilevile mtume mtu mwenye ujuzi akague nyasi zilizopauka pamoja na mpapai wa jirani, na gharama ya kurekebisha iwe juu yenu. Hatutaki vijana wale wale warudi na mitungi ile ile.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nayo. Tusipopata jibu la maandishi katika siku 14 tangu barua hii kupokelewa, tutaipeleka PCPB pamoja na chupa, picha na nakala ya makubaliano.

Wako mwaminifu,

Katibu,
kwa niaba ya Kamati ya Wakazi