Usiwaapize, Niombee Hifadhi

Kuze, Mji wa Kale, Mombasa

Kwa somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai wewe, mumeo na watoto hamjambo huko Muscat. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, na Mama anakusalimu sana. Shangazi yako ameniambia kuwa mnafunga safari ya umra, ndipo nikaona nisichelewe kukuandikia, kwa kuwa nina haja nawe.

Mambo ya mashemeji zangu umeyasikia, ila huenda hukuyasikia yote. Edda yangu ya kufiwa na mume, ya miezi minne na siku kumi, haikuwa imefika nusu walipobadilisha kufuli la duka la leso, wakijua kwamba mjane aliye ndani hawezi kuwafuata. Siku hizi wakipita barazani hunirushia maneno, na mwanangu wa kiume huniuliza kwa nini ami zake hawamwitikii salamu. Mirathi hainitishi: thumni yangu, yaani sehemu moja ya nane, na mafungu ya watoto yametajwa katika Suratun-Nisaa, na shauri liko kwa Kadhi. Ninaouhofia ni moyo wangu.

Jirani wa ghorofani alinijia na habari za mzee asomaye halbadiri, kile kisomo cha kuwaapiza wadhalimu, akasema nitoe ubani na majina ya wanaonidhulumu, nami nitaona kabla ya mwezi kuandama. Nakwambia wewe peke yako kwamba usiku ule nilikesha nikilitamani jambo hilo, na majina nilikwisha kuyaandika. Ilipoadhiniwa alfajiri nikawatazama watoto wamelala, nikaona kwamba ninaotaka kuwaapiza ni damu yao, na balaa likiwapata wale litaingia na humu. Karatasi nikaitia katika makaa ya seredani.

Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, husoma Ayatul Kursiyy, kisha Ikhlasi, Falaq na Naas mara tatu tatu, na nikisikia hatua zao barazani husema “Hasbunallahu wa ni’mal wakiil”, yaani Mwenyezi Mungu anatutosha, naye ni mbora wa kutegemewa, neno alilolisema Nabii Ibrahim alipotupwa motoni. Maneno yao hayajakoma, lakini mikono yangu haitetemeki tena.

Hata hivyo halbadiri ile hunirudia moyoni, hasa siku ambazo mtoto amelia. Maalim alitusomesha kwamba Mtume (s.a.w.), alipomtuma sahaba wake Muadh kwenda Yemen, alimwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa kuwa hakuna pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Zamani maneno hayo yalikuwa faraja kwangu. Sasa yananitia hofu, kwa sababu aliyedhulumiwa ni mimi, na ulimi unaoweza kuomba lolote ni wangu.

Basi somo yangu, ukijaaliwa kufika Multazam, pale ukutani pa Kaaba panapoombwa dua, usiwaapize. Niombee Mola anikinge na shari yao, na awakinge wao na shari ya ulimi wangu.

Je, mtaondoka kabla ya Ramadhani? Utanitajia jina pamoja na la marehemu mume wangu? Na wewe, wifi zako walipokutenda yale, ulikuwa ukisema nini katika sujudi hata ukaweza kula nao sahani moja? Ilichukua muda gani? Na kutamani kule kwa usiku mmoja, unadhani kumeandikwa juu yangu?

Nijibu upesi, tafadhali, hata kwa mistari miwili.

Wasalaam,
Somo yako wa Kuze