Jumatatu yako ya kupumzika

Nakuru

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi katika Bwana, kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeisoma yote. Unasema ukikaa bila sindano mkononi unajiona mwizi, na ukilala mchana unaamka ukitubu. Dada, toba hiyo haina dhambi yake.

Anza kwa kuzitenganisha hatia mbili. Kama kuna gauni uliloahidi la Jumamosi na bado halijatiwa zipu, moyo unakusuta kwa haki: limalize, au mpigie mteja mkubaliane siku nyingine, kisha ukae. Hatia ya kweli hutaja mtu na kazi. Ile nyingine haitaji kitu. Inasema tu hujafanya vya kutosha, na hata ukishona mpaka saa sita usiku itasema vilevile. Usiitii hiyo.

Sasa soma Kutoka 16 polepole. Mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, iliokotwa pishi moja kwa kila kichwa, kadiri ya gorogoro moja ya huko sokoni. Aliyebakiza hadi kesho yake alikuta mabuu na uvundo. Siku ya sita wakaokota pishi mbili, na ile iliyolala haikuoza. Wapo waliotoka siku ya saba hata hivyo, na hawakuona kitu. Angalia mpangilio huo: chakula cha siku ya kupumzika kilitolewa kwanza, ndipo watu wakaambiwa watulie. Na haya yalikuwa kabla ya Sinai walikopewa Amri Kumi, watu wametoka juzi tu Misri walikodaiwa idadi ya matofali kila siku. Kumbukumbu la Torati 5:15 inautaja utumwa huo kuwa sababu ya Sabato. Kwa hiyo usingoje kazi iishe ndipo ustahili kupumzika. Kazi ya cherehani haiishi.

Kuhusu siku, soko la Kibuye hufurika Jumapili na karo ya watoto inatoka hapo. Nenda ibada ya kwanza, kisha sokoni, na Warumi 14:5 ikutulize, kwamba mmoja huitukuza siku hii, mwingine huona siku zote sawa. Siku yako ya kupumzika ianze Jumapili jua likizama, baada ya saa kumi na mbili na nusu, hadi saa hiyo Jumatatu. Katika Mwanzo 1 ni jioni kwanza, ndipo asubuhi. Unaianza siku kwa kulala, na Mungu yuko macho.

Maandalio fanya Jumamosi. Hapa ndipo wengi huharibu: wanayaacha hadi wametoka sokoni miguu inawaka moto, na Jumatatu yote inaishia kwenye karai la kufulia. Waadventista wa upande wa Kendu Bay, wanaopumzika Jumamosi, wametushinda kwa hili, Ijumaa yao ina kazi inayojulikana. Chemsha maharagwe ya siku mbili, piga pasi sare za watoto, jaza mitungi. Waandikie wateja kwamba Jumatatu hupokei kazi wala hujibu simu. Cherehani ifunike kwa kitambaa kabisa, maana ikiwa wazi macho yatakuwa huko.

Saa za mwanzo ndizo ngumu. Utakumbuka vifungo, uzi, deni la kitambaa. Weka daftari karibu, kila kitu kikija kiandike mstari mmoja, ufunge, usome Zaburi 127:2 kwa sauti: "Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Usiijaze siku hiyo kamati za kanisa pia, hizo nazo ni kazi. Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, ndipo habari ya safari ikaja. Iko katika 1 Wafalme 19, na ningependa uisome ukiwa umelala kitandani.

Utaniuliza, na Januari, msimu wa sare? Kutoka 34:21 inajibu: pumzika hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna. Punguza oda Desemba badala ya kuikata Jumatatu.

Na yule msichana anayejifunza kazi kwako, usimwachie mashine siku hiyo wala usimtume sokoni. Kumbukumbu la Torati 5:14 inataka mtumishi apumzike kama wewe. Mwambie mapema, Jumamosi, apange kwenda kwao.

Niandikie ukishajaribu, uniambie ni saa ngapi moyo ulikusumbua zaidi.

Dada yako katika Kristo