Kisima kimoja, majibu mawili ya floraidi: uamini lipi?

Hapa maabara yetu Tabora mjini tunaletewa karatasi mbili za kisima kimoja: moja imeandikwa floraidi (madini ya majini ambayo yakizidi hutia meno madoa) miligramu 0.9 kwa lita, nyingine 1.8. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Kwa karatasi ya kwanza watoto wanywe, kwa ya pili wasinywe. Daktari wa meno naye, akiona madoa ya kahawia kwenye meno ya mtoto, atashindwa kujua kama kisima ndicho chanzo.

Mara nyingi vifaa ni vizima, ila kila mtu anapima kivyake. Wengine hutumia rangi nyekundu inayofifia kadiri floraidi inavyozidi. Ni njia ya haraka, lakini maji ya tope huivuruga, na floraidi ikiwa nyingi lazima maji yazimuliwe kwanza. Sisi tunatumia elektrodi, yaani kijiti cha kupimia kinachochovywa majini, yenye fuwele ya lanthani floraidi, aina iliyobuniwa Marekani na wanasayansi Frant na Ross mwaka 1966. Nayo bila utaratibu inadanganya.

Mfano ni shabu. Ukiitia kwenye ndoo ili tope litulie, umeongeza aluminiamu. Sehemu ya floraidi inazama na mashapo, nyingine inabaki majini imeshikwa na aluminiamu, na elektrodi haisomi floraidi iliyoshikwa. Ndiyo maana tunachanganya sampuli nusu kwa nusu na bafa, kimiminika kinachoiachanisha floraidi na aluminiamu na kuweka pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 5 na 5.5. Bafa ikikosekana, namba inashuka na maji mabaya yanaonekana salama. Hili linatuuma, kwa sababu anayeumia ni mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka. Tafadhali tuletee maji kama yalivyotoka kisimani.

Kabla ya kupima chochote tunaanza na vimiminika vya kulinganishia vyenye floraidi miligramu 0.1, 1 na 10 kwa lita. Floraidi ikiongezeka mara kumi, usomaji wa elektrodi unapaswa kushuka karibu milivolti 59 kwenye nyuzi joto 25. Ukishuka 50 tu, maji ya mteja yanasubiri. Elektrodi inasafishwa, tunaanza upya. Joto la sampuli na la vilinganishi lazima lilingane, kwa hiyo chupa iliyotoka kwenye friji hatuisomi papo hapo, hasa kwa jua letu la Oktoba.

Watafiti wa meno wamelihangaikia jambo hilihili. Mwaka 2011 jarida la Caries Research lilichapisha kazi ya maabara 9 zilizolinganisha mbinu zao za elektrodi ili zipate njia moja ya pamoja.

Sampuli ije kwenye chupa safi ya plastiki, isiwe ya kioo, maana kioo huweza kupunguza floraidi. Tunapima kila sampuli mara mbili, na kwenye majibu tunaandika njia tuliyotumia. Kama una karatasi ya zamani, njoo nayo tukueleze ilipimwaje. Hilo halilipiwi.